Kwa nini WhatsApp ilipozimika dunia nzima, barua pepe hazikuguswa?

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, mnamo saa 12:40 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika kwa mpigo. Watu walizima simu na kuziwasha tena, wakalaumu bando, wakalaumu mitandao ya simu. Huduma zilianza kurejea karibu saa saba usiku. Muda wote huo barua pepe zilikuwa zikipita kama kawaida.

Chanzo kilikuwa kidogo mno. Katika matengenezo ya kawaida, mafundi wa Facebook walitoa amri ya kupima uwezo wa mtandao wao wa ndani. Amri hiyo ikakata mawasiliano kati ya vituo vyao vyote vya data. Programu iliyowekwa kuzuia makosa ya namna hiyo ilikuwa na kasoro, ikaiachia ipite. Seva, yaani kompyuta za kuhudumia kompyuta nyingine, zinazoitangazia intaneti njia ya kuifikia kampuni zikajiondoa zenyewe, na kwa dunia ikawa kama Facebook haipo. Kulirekebisha kosa hilo kwa mbali kukashindikana, kwa sababu zana za mafundi nazo zilitegemea mtandao huohuo. Ikabidi watu watumwe vituoni, na vituo hivyo vimejengwa makusudi visiingilike kirahisi.

Kampuni moja, huduma tatu, amri moja. WhatsApp ilikwisha kununuliwa na Facebook tangu 2014.

Barua pepe haina mwenyewe. Ina kanuni tu, inayoitwa SMTP, iliyochapishwa 1982, na yeyote mwenye seva inayoifuata anaruhusiwa kutuma na kupokea. Chuo kikuu kinaweza kuwa na seva yake, wizara yake, benki yake. Ukimwandikia mhadhiri, seva yako huuliza kwenye saraka ya majina ya intaneti seva ya chuo iko wapi, kisha huipelekea barua moja kwa moja. Ikiikuta imezima, haiitupi barua: huiweka foleni na kujaribu tena na tena, pengine kwa siku nne au tano, ndipo ikuarifu kwamba imeshindikana. Chuo kikilala, kimelala chuo hicho peke yake.

Mbona basi kamati za harusi na misiba hazikuhamia kwenye barua pepe? Kwa sababu kuwa na mwenye nyumba kuna faida zake, tena kubwa. Aprili 2016 WhatsApp iliwawekea watumiaji wake wote, takriban bilioni moja, ulinzi unaoufanya ujumbe usomwe na mtumaji na mpokeaji tu. Uamuzi ulikuwa wa ofisi moja. Barua pepe, kwa umri wake wote, bado haijafika hapo, maana hakuna wa kuwaamuru wenye seva. Januari 2019, uvumi ulipozidi, kampuni ikapunguza usambazaji wa ujumbe hadi mazungumzo matano kwa mara moja, na dunia nzima ikatii. Admini wa grupu anayejiona mfalme hakuulizwa.

Nako kwenye barua pepe madaraka hayakubaki yametawanyika kama kanuni inavyoruhusu. Barua taka zilipofurika, kila mwenye seva aliachiwa apambane nazo kivyake, na wengi wakachoka wakahamia kwa wakubwa kama Gmail. Leo unaweza kufungua seva yako mwenyewe, hakuna wa kukukataza, lakini barua zako zikiishia kwenye kisanduku cha taka cha Gmail uhuru huo ni wa jina tu. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamewawekea masharti ya uthibitisho watumaji wa barua nyingi, nao hawana budi kuyafuata.

Upande wa pili, mwaka huohuo wa 2024, WhatsApp ilianza kubanwa na sheria ya Umoja wa Ulaya ya masoko ya kidijitali: huduma nyingine ya ujumbe ikiomba kuunganishwa nayo barani humo, ni lazima ifunguliwe mlango. Yaani ili kampuni hii igawe madaraka kidogo, ilibidi atokee mwenye madaraka zaidi yake.