Maswali ya kiwewe yatungwe na nani?

Mimi ni mtaalamu wa saikolojia ya jamii. Chuo kikuu kikitangaza ushirikiano na jamii kuhusu huduma zinazozingatia kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloachwa na madhila, huomba kwanza kuona dodoso. Hati ya makubaliano husomeka vizuri siku zote. Dodoso ndilo humwonyesha aliyeshika usukani.

Madodoso mengi yana asili moja: utafiti wa Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao uliochapishwa mwaka 1998, wenye washiriki zaidi ya 9,000 huko San Diego, Marekani. Waliulizwa kuhusu utoto wao: kipigo, udhalilishaji wa kingono, kuishi na mlevi nyumbani. Kadiri madhila yalivyorundikana, ndivyo maradhi ya moyo, ulevi na majaribio ya kujiua yalivyoongezeka. Kazi kubwa ile. Lakini washiriki walikuwa watu wenye bima ya afya, na maswali yaliishia kizingitini mwa nyumba. Utafiti wa Philadelphia wa 2012 na 2013 ulitoka nje hadi barabarani: umewahi kuona mtu akipigwa risasi au kuchomwa kisu? Umebaguliwa? Mtaa wenu ulikuwa salama?

Mkazi wa mtaa kama huo angeyataja hayo kabla chai haijapoa. Shida ni kwamba mkazi huyo huitwa aje "kutoa maoni" wakati fedha zimeshapatikana na maswali yameshachapwa. Aitwe kabla ya maombi ya fedha, na alipwe kama mtafiti mwingine yeyote. (Posho ya nauli si malipo.)

Manusura wakilisoma dodoso kwa sauti, kalamu nyekundu haikawii. Swali la kwanza umri, la pili ndoa, la tatu "Umewahi kubakwa?" Hilo la tatu hushushwa chini zaidi ya orodha, na kabla yake huwekwa maneno haya: "Maswali yanayofuata ni mazito. Unaweza kuruka lolote, na huduma yako haitaguswa." Kisha huuliza anayehojiwa atakaa wapi, maana wapo wasiovumilia kuupa mlango mgongo.

Mwongozo wa SAMHSA, wakala wa Marekani wa afya ya akili, wa 2014 unadai pia kutomtonesha mtu kidonda. Kwangu hilo lina sharti gumu: kama hakuna mshauri wa kumpokea anayeangua kilio leo hii, swali lililomliza lifutwe, hata kama tasnifu ya mtu itapungukiwa sura nzima.