Reli ilijengwa lini? Kawaulizeni wazee: kufundisha watoto wadogo kwa udadisi

Mtoto wa darasa la tatu hapa Mbeya akiambiwa aandike kwamba reli ya TAZARA ina urefu wa kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ataandika, atakariri, na mtihani ukipita atasahau. Kwa kipindi hicho hicho, mwalimu angeweza kumpa swali la kwenda nalo nyumbani: nani mtaani kwetu aliiona reli ikijengwa?

Swali hilo linajibika, ndiyo maana nalipenda kuliko mengi ninayokutana nayo kwenye maandalio ya somo. Aliyekuwa na miaka kumi wakati mafundi wa Kichina na vibarua wetu wakitandika mataruma leo ni bibi au babu wa mtu darasani. Kesho yake watoto watarudi na majibu yanayogongana: 1970, 1975, 1976. Hapo walimu wengi hukimbilia kitabu, hutaja jibu, na somo linakufa. Subiri kidogo, mwalimu. Uliza: bibi yako alijuaje? Alikuwa anaishi wapi? Aliona nini kwa macho yake? Kitabu kifunguliwe baada ya hapo, maana sasa kina ugomvi wa kuamua. Watoto watakuta kwamba ujenzi ulianza 1970, njia ikakamilika 1975, na reli ikakabidhiwa rasmi 1976. Kumbe wazee wote walisema kweli, kila mmoja alikumbuka sehemu yake.

Mwalimu Nyerere aliyataka haya tangu 1967: katika Elimu ya Kujitegemea alisema shule zijenge akili inayodadisi. Mtaala ulioanza kutumika 2024 nao unadai umahiri, si kukariri. Kwa hiyo hakuna jipya hapa, isipokuwa kwamba tumelisema sana kwenye semina kuliko darasani.

Kwa jiografia, nenda sokoni. Ndizi zimetoka Rungwe, mchele Kyela na Mbarali, viazi mviringo kwenye baridi ya Uporoto. Kwa nini Mbarali wasilete ndizi nyingi kama za Tukuyu, kule Rungwe? Mtoto aliyewahi kumtembelea shangazi yake Tukuyu atakwambia kule mvua haiishi; wa Mbarali atakwambia kwao mashamba ya mpunga yanaletewa maji kwa mifereji. Tayari wanazungumzia hali ya hewa na ardhi kabla hujaandika neno ubaoni. Wakifika kwenye viazi wataiona lumbesa, gunia lililojazwa hadi likavikwa kilemba, na lazima mmoja aulize kwa nini limejaa vile. Usimpite. Mkulima anapolipwa kwa gunia na si kwa kilo, kile kilemba anakitoa bure, na sheria imekataza. Wawaulize wauzaji, wasikie na upande wao. Somo la uraia limejileta lenyewe.

Wa darasa la kwanza na la pili wasioandika vizuri wachore, au wahesabu majibu kwa punje za mahindi. Darasa likiwa na watoto wengi mno, kila safu ipewe swali lake na mtoto mmoja awasemee wenzake.

Yapo maswali ya kuchukua kwa uangalifu. Kazi ya baba na kabila la mama visiwe utafiti wa darasa. Kuna mtoto asiye na baba, na kuna atakayechekwa. Wenzetu wa Iringa wanaowapeleka wanafunzi makumbusho ya Kalenga wajiandae pia. Mtoto akiliona fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, atauliza kwa nini walimkata kichwa mtu aliyekwisha kufa. Mjibu kwa ufupi na kwa ukweli: ilikuwa vita, na Wajerumani walilichukua kama ushahidi wa ushindi. Kisha muulize yeye anaonaje. Kumwambia "hayo ya wakubwa" ni kumfundisha kwamba historia haiulizwi.

Nanyi wazazi, msiwaandikie majibu. Daftari lenye mwandiko wa mama tunalijua. Akiuliza usilolijua, mwambie hujui, kisha mpigie mzee anayelijua na umpe mtoto simu aulize mwenyewe.