Uzito wa pikipiki si utulivu wake
Imani ya kwamba anayeanza kuendesha anunue pikipiki nzito kwa sababu “inatulia barabarani” imeenea kwa miaka mingi, nayo ina ukweli kidogo: chombo kizito hakiyumbishwi upesi na upepo wa basi linalopita. Hata hivyo, pikipiki iliyoshika mwendo hujisimamisha kwa sehemu kubwa yenyewe, ilhali katika mwendo wa taratibu, hasa wakati wa kugeuza au kusimama kwenye mchanga, mwendeshaji ndiye anayebeba jukumu la usawa, na hapo kila kilo humwelemea. Kwa maoni yangu, pikipiki ya cc 125, ambayo akiikalia nyayo zote mbili zinakanyaga chini, inamtosha kabisa, na fedha inayobaki inunue kofia ngumu iliyo imara.