Gesi yetu haina moshi, ila hewa ukaa inayo

Kaa kijiweni Mtwara mjini, hutakosa kuusikia usemi huu: gesi ya Mnazi Bay, inayochimbwa mkoani humu, haina moshi, kwa hiyo umeme wake hauchafui chochote. Nusu yake ni kweli.

Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani. Ikiungua vizuri haitoi majivu, na masizi yake ni kidogo mno. Inachotoa ni hewa ukaa (kaboni dioksidi), isiyo na rangi wala harufu, lakini hunasa joto na kuipasha dunia. Kwa kila uniti ya umeme, hewa hiyo ni karibu nusu ya ile ya makaa ya mawe. Nusu si sifuri. Linalosahaulika zaidi ni uvujaji: methani ikitoroka kabla ya kuungua, katika miaka 20 hunasa joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Kwa hiyo valvu inayovuja kimyakimya yaweza kudhuru kuliko bomba la moshi tunalolikodolea macho.

Basi tuizime mitambo ya umeme wa gesi? Sioni hivyo. Jenereta za dizeli ni ghali kuendesha, na moshi wake hauhitaji kuelezewa. Jua nalo huzama saa kumi na mbili jioni, wakati taa ndiyo kwanza zinawashwa. Paneli za sola zikibeba mzigo wa mchana, gesi inabaki kwa ajili ya usiku, na inayochomwa inapungua.