"Ni maandishi tu, utajaribu nini?" Ndivyo wengi husema wakiambiwa wajaribu nyaraka za programu, yaani maelezo ya kuitumia, kabla ya kuzituma kwenye mradi. Hizi hapa dhana zao, na majibu yangu.

Dhana: Nyaraka si msimbo, haziwezi kuharibika.

Mradi ukitumia Sphinx, zana ya kugeuza maandishi kuwa kurasa za wavuti iliyotoka mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za lugha ya programu ya Python, faili lako la .rst (maandishi yenye alama za muundo) linasomwa na programu kwanza, msomaji baadaye. Na programu hiyo ina masharti. Sahau mstari mtupu kabla ya orodha, vipengele vyako vyote vitamezwa na aya iliyo juu yake.

Mimi niliponzwa na kistari kimoja. Kiungo huandikwa hivi:

`` `Mwongozo <https://example.org>`_ ``

Nikasahau kile kistari cha chini cha mwisho. Sphinx haikulalamika hata kidogo. Ikatoa maneno ya mlazo, anwani nzima inaning'inia kando, hakuna cha kubofya. Yakakaa hivyo siku tatu, hadi mchangiaji mgeni akaniuliza kwa adabu kama nimekusudia.

Dhana: Amri imemaliza bila kosa, basi mambo safi.

Umeshaona kistari changu. `make html`, amri ya kujenga kurasa, ikinyamaza, maana yake programu haikukwama, basi. Fungua `_build/html/index.html` kwenye kivinjari, usome ukurasa wako kama mtu aliyekuja na shida yake. Maonyo nayo hupita mbio kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), kwa hiyo mimi huandika `make html SPHINXOPTS="-W"`: onyo likitokea, linahesabiwa kuwa kosa.

Kuna na hili linalowachanganya wengi. Sphinx hurudia kujenga kurasa zilizobadilika tu. Umeongeza ukurasa mpya, lakini menyu ya pembeni kwenye kurasa nyingine inaweza kubaki ya jana. Piga `make clean` kwanza, ifute kurasa zilizojengwa, ndipo ujenge.

Dhana: Mbona kwangu inafanya kazi!

Kwako, ndiyo. Windows na macOS kwa kawaida huona `Picha.png` na `picha.png` ni kitu kimoja. Seva ya Linux huona ni vitu viwili, na picha haitokei. Au mchoro upo kwenye diski yako lakini hukuuingiza kwa `git add` kwenye Git, programu inayotunza historia ya mafaili ya mradi, hivyo ukurasa unapendeza kwako peke yako. `git status` itakuonyesha mara moja. Ukiwa bado na wasiwasi, komiti (hifadhi mabadiliko) kwenye tawi lako, yaani mkondo wako wa kazi, kloni ripo (nakili hazina ya mradi) kwenye folda tupu, jenga humo kabla hujasukuma chochote kwa wenzako.

Dhana: Seva ya mradi itakagua yenyewe.

Itakagua, ndiyo, ila utasubiri dakika kadhaa kwa kosa ambalo mashine yako ingelionyesha papo hapo, na kila jaribio linabaki kwenye historia ambayo mhakiki lazima aipitie. Niliwahi kukuta komiti nne mfululizo za mtu mmoja: "rekebisha", "rekebisha tena", "sasa kweli", "samahani".