Simu na maafa: yanayosemwa mwaloni na yaliyo kweli

Tangu 2020 Ziwa Tanganyika limepanda sana, na watu wa Kibirizi, Katonga na Ujiji hapa Kigoma hawahitaji kusimuliwa. Maji yameingia majumbani na kwenye vibanda vya biashara. Kila likitokea jambo la namna hii magrupu ya WhatsApp yanachangamka, na maneno ni yaleyale.

"Bila simu janja huna msaada."

Kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe, kinatosha. Menyu ya pesa, ile ya nyota na reli, haihitaji intaneti. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, Wamarekani walituma neno HAITI kwenda 90999 kwa meseji ya kawaida, kila meseji dola 10. Msalaba Mwekundu wa kwao ulikusanya zaidi ya dola milioni 30 kwa njia hiyo.

"Pesa italiwa, bora tutume nguo na unga."

Hofu hii haikuanguka kutoka mbinguni, ila dawa yake si nguo. Desemba 2023 tope lilipoporomoka Katesh, wilayani Hanang, furushi la nguo kutoka Kigoma lilihitaji nauli ya mzigo, siku kadhaa barabarani, mtu wa kulipokea na mwingine wa kuchambua suruali zilizochanika. Pesa inafika papo hapo, na mama aliyepoteza jiko ndiye anayejua kama anataka sufuria au dawa ya mtoto. Ananunua kwa mfanyabiashara wa palepale, ambaye naye anahitaji kuinuka.

Dawa ya kuliwa ni hesabu ya wazi. Mweka hazina aandike kwenye grupu kila jioni: fulani 10,000, fulani 3,000, zimetoka 9,000 za sufuria, risiti hii hapa. Asiyetaka kuandika hivyo asipewe kazi hiyo, hata akiwa shemeji yako.

Lakini kuna jambo wapenzi wa simu hawalisemi. Pesa ya kwenye simu haiwi noti mpaka apatikane wakala mwenye noti. Mafuriko yakimkumba na wakala, au watu wakimmiminikia wote siku moja, droo inakauka kabla ya mchana. Umeme nao ukikatika, simu ya mpokeaji imezima. Kwa hiyo uliza kwanza kama huko kunatoleka, na ukituma, weka na ya kutolea.

"Namba kaileta ndugu, basi ni salama."

Ndugu naye kaitoa grupu jingine. Wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" hawapumziki watu wakifiwa. Kabla ya kuweka namba ya siri jina la mpokeaji linatokea: lisome. Tangazo likisema kamati ya maafa na jina likawa la mtu usiyemjua, acha, mpigie mwenyekiti wa mtaa. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.

"Nimeshea picha, nimesaidia."

Inategemea picha gani. Picha ya mafuriko ya miaka mitatu iliyopita, ya nchi nyingine, inawapeleka waokoaji kusikohusika. Mwaka 2008 Wakenya waliunda Ushahidi, mfumo wa kupokea taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi. Miaka miwili baadaye ulitumika Haiti, huku watu wa kujitolea wa OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni, wakichora mitaa ya Port-au-Prince kwa kutazama picha za setilaiti. Kilichowafaa wote hao ni mahali na wakati. "Saa 12 jioni, Kibirizi, njia ya kushuka mwaloni haipitiki, kuna wazee wawili wamebaki ndani" inafaa kuliko vikatuni ishirini vya kulia.

Na waliokimbia maji wakalala madarasani na watoto wao wasipigwe picha bila kuulizwa. Picha ya nyumba iliyozama, paa tu linaonekana, inatosha kumshawishi mchangiaji.