Infiniti haiwekwi mahali pa x: dhana potofu kuhusu integrali za e

Kidato cha nne tunafundishwa integrali za polinomia, yaani kupima eneo chini ya grafu, kati ya namba mbili za kawaida, tuseme kutoka 1 hadi 3. Unaunganisha (unatafuta funksheni ambayo ukiitofautisha inarudisha ile ya mwanzo), unaweka namba ya juu, unatoa ya chini, umemaliza. Mwanafunzi anafika chuoni pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na mazoea hayo, anakutana na e (namba maalumu, karibu 2.718) yenye infiniti juu ya alama ya integrali, na anaendelea vilevile. Makosa mengi huanzia hapo.

Dhana: eneo lisilo na mwisho upande wa kulia haliwezi kuwa na kipimo.

Ukweli: linaweza. Chukua e^(−x) kuanzia 0, usimame kwanza kwenye b. Eneo ni 1 − e^(−b). Kwa b = 5 ni takribani 0.9933; kwa b = 10 ni 0.99995. Kikomo chake, yaani namba inayokaribiwa b ikikua, ni 1. Hatukuandika infiniti mahali pa x; tuliweka b, kisha tukaiacha ikue. Anayeiruka hatua hiyo, hata akipata 1, hajaonyesha kwamba jibu lipo.

Si hesabu ya daftarini tu. Tuseme matatu hufika steji kwa nasibu, kwa wastani moja kila dakika 6. (Hapa Nairobi nyingi hungoja zijae kwanza, kwa hiyo hili ni kadirio.) Uwezekano wa kungoja zaidi ya dakika t ni e^(−t/6), na integrali yake kutoka 0 hadi infiniti ni 6, yaani wastani wa dakika utakazongoja.

Dhana: grafu ikikaribia sifuri, eneo lina kipimo.

Ukweli: 1/x nayo hukaribia sifuri, lakini eneo lake kutoka 1 hadi b ni ln b (logi asilia ya b), ambalo hukua bila kukoma. e^(−x) hufaulu kwa kasi yake ya kushuka. Izidishe hata na x^100, bado inashinda: integrali ya x^n·e^(−x) kutoka 0 hadi infiniti ni 1×2×3×…×n.

Dhana: hakuna infiniti kwenye mipaka, basi hakuna hatari.

Hii ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu haionekani. Tazama e^(1/x)/x² kutoka −1 hadi 1. Ukiitofautisha −e^(1/x) unaipata funksheni hiyo hasa, kwa hiyo mwenye haraka anaweka 1, anatoa −1, anapata −e + 1/e, karibu −2.35. Jibu hasi! Na funksheni yenyewe ni chanya kila mahali ilipo. Shida iko kwenye 0, katikati, ambapo funksheni haipo kabisa. Lazima uigawe integrali sehemu mbili, pale kwenye 0. Kushoto, x ikikaribia 0 kutoka upande wa hasi, e^(1/x) huzama hadi 0, na eneo ni 1/e, karibu 0.37. Kulia, e^(1/x) hulipuka na eneo halina kipimo. Upande mmoja ukishindwa, integrali nzima haina jibu. Kabla ya kuunganisha chochote, angalia ndani ya mipaka. Vivyo hivyo e^(−x)/x kutoka 0 hadi infiniti: mkiani ni salama, lakini inaharibikia mwanzoni.

Dhana: funksheni isiyounganishika kwa kanuni za darasani haina jibu.

Ukweli: e^(−x²) haina fomula ya kawaida ya kuiunganisha, lakini kutoka infiniti hasi hadi infiniti chanya integrali yake, tuiite I, ni √π, karibu 1.772. Andika I² kama integrali ya e^(−x²−y²) juu ya bapa zima la x na y, kisha uhamie kwenye r (umbali kutoka katikati) na pembe. Eneo dogo la bapa huleta r ya ziada, na r·e^(−r²) inaunganishika: kutoka 0 hadi infiniti ni ½. Zidisha na 2π ya mzunguko mzima, unapata I² = π.